Mifululizo Aliyoisoma Mzee Awadhi

Tangu nistaafu, haipiti wiki bila mmoja wenu kupanda ngazi za nyumba hii ya Mtaa wa Sikukuu, kunipa shikamoo, kuvuta kiti cha plastiki na kuniuliza: Madam, nipate wapi maswali ya kufanyia mazoezi? Nikiuliza ya mada gani, mara nyingi ni mifululizo isiyo na mwisho. Sishangai. Nilifundisha hesabu chuoni hapa mjini mpaka nywele zikageuka nyeupe, na sikuona mada iliyowanyima usingizi wanafunzi wa mwaka wa pili kama hiyo.

Kwa ambao hamjaifikia, mfululizo ni namba zinazojumlishwa moja baada ya nyingine bila kukoma. Moja, jumlisha nusu, jumlisha robo, jumlisha nusu ya robo, na kuendelea. Tunachotaka kujua ni kama jumla hiyo inaelekea kwenye namba fulani na kutulia hapo, au inakwenda tu bila kutulia. Vitabu vyetu vina maneno marefu ya Kiingereza kwa jambo hili. Mimi darasani nilisema mfululizo unatulia au hautulii, na wanafunzi wangu waliyazoea maneno hayo. Huo wa nusu na robo unatulia kwenye mbili. Sasa chukua moja, jumlisha nusu, jumlisha theluthi, jumlisha robo, jumlisha sehemu ya tano. Vipande vinazidi kuwa vidogo, utaapa kwamba lazima utulie, na hautulii. Unapanda polepole mno, lakini haukomi kupanda. Ndiyo maana mada hii haitaki kukariri. Inataka mazoezi mengi, tena mazoezi mazuri.

Aliyenifundisha kuyatambua mazoezi mazuri ni marehemu Mzee Mapunda, mwalimu aliyenipokea kazini nikiwa binti. Siku moja alinikuta nikiwapa wanafunzi maswali ya kitabuni kwa mpangilio wa kitabu. Akachukua mkasi, akakata nakala ya maswali yote ya sura nzima, akayatia kwenye kopo la maziwa ya unga na kulitikisa. Akaniambia nichomoe moja. Nikachomoa, nikakaa nalitazama. Sikujua nianzie wapi, ingawa kitabuni nilikuwa nimeshalifanya. Alinieleza kwamba kitabu kinamsaidia mwanafunzi bila mwanafunzi kujua, kwa sababu juu ya kila zoezi kimeandika jaribio la kutumia. Kwenye mtihani hakuna anayekuandikia. Kwa hiyo, popote mtakapoyapata maswali, yachanganyeni kwanza. Na kabla ya jaribio lolote, tazama kama vipande vyenyewe vinaelekea sifuri. Visipoelekea, kazi imekwisha, mfululizo hautulii. Wengi mnapoteza ukurasa mzima kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa mstari mmoja.

Kupata maswali zamani kulikuwa kazi ya miguu. Tulikuwa tunatembea Posta kwenye vitabu vya mitumba vilivyopangwa chini kando ya barabara, tunapekua kimoja kimoja. Vingi vilikuwa vimechanika upande wa majibu. Baadaye zikaja steshenari za Kariakoo zinazouza nakala za mitihani iliyopita, kisha simu. Nakumbuka nilipoanza kusikia kwamba kila kitu kinapatikana kwenye flashi, nilikwenda kwa kijana mmoja Mtaa wa Msimbazi aliyekuwa na kompyuta kwenye kibanda, nikamwambia natafuta sirizi, jina la Kiingereza la mifululizo. Akanitazama kwa heshima zote akaniuliza, "Mama, za Kikorea au za Kituruki?" Nilimweleza ninachotaka. Alifikiri kidogo, akasema hizo bado hazijatafsiriwa.

Lakini leo nataka niwasimulie habari ya Rahma, kwa sababu wengi mmesikiliza rekodi zake, na mnaniuliza yule mzee anayesoma maswali ni nani.

Rahma alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, akisomea ualimu wa hesabu. Baba yake, Mzee Awadhi, alikuwa na duka la ndoo, mabeseni na madumu Mtaa wa Narung'ombe. Ukoo wao ni wa Waarabu waliokaa Kariakoo tangu enzi za babu yake, wakiuza kitu kimoja au kingine. Mkewe alifariki Rahma akiwa mdogo, naye hakuoa tena. Alimlea binti yule mwenyewe humo dukani, kati ya mabeseni.

Rahma alikaa mstari wa mbele, na kwanza nilidhani ni kwa bidii. Kisha nikaona anainamisha kichwa upande mmoja kila ninapoandika ubaoni. Siku nyingine alijikwaa kwenye kiti ambacho kila mtu alikiona. Nilipomwita alisema ni miwani tu, anahitaji mpya. Nilimwambia asinunue miwani ya barabarani, aende hospitali apimwe. Alikwenda. Aliporudi alinisubiri mpaka watu wote wakatoka darasani, akanieleza kwamba ana presha ya macho, kwamba ilianza siku nyingi bila maumivu yoyote, na kwamba daktari amesema sehemu iliyokwisha kuharibika hairudi. Alipewa dawa ya matone, na baadaye alifanyiwa upasuaji. Jicho moja lilikuwa limeshapotea. La pili likaendelea kufifia, na kabla ya mitihani ya muhula alikuwa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi.

Aliingia kwenye mtihani hivyohivyo, kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya. Akapata sapu, mtihani wa marudio, kwenye somo langu. Mnajua maana yake. Akishindwa na sapu, anadisko, anaondolewa chuoni.

Mkuu wetu wa idara aliniita. Hakuwa mtu mbaya, na naomba msimfikirie hivyo. Aliniambia kwamba amelitazama jambo hili kila upande, na anaona ni huruma zaidi kumhamishia binti yule kwenye masomo ya lugha au historia, ambako mtu anaweza kusomewa. Hesabu, alisema, ni alama, na alama ni za kutazamwa. Mfululizo usioonekana utausomaje? Nilimwomba anipe mpaka siku ya sapu. Alikubali, lakini niliona usoni kwamba anakubali kwa kuniheshimu tu.

Siku iliyofuata Mzee Awadhi alikuja ofisini kwangu. Alivaa kanzu safi na koti, kama mtu anayekwenda kwenye shughuli. Rahma alikuwa amemshika mkono. Nilimwamkia, akaitika, akakaa, akakataa maji.

"Mwalimu," akasema, "nakushukuru kwa yote. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Alieleza taratibu. Duka lipo. Nyumba ipo. Hakuna atakalokosa. Hataki binti yake akae mbele ya watu akipapasa. Alisema ameshamwona akigonga ukuta kwa bega akitafuta mlango wa chumba alichozaliwa, na kwamba hilo linamtosha kuliona yeye peke yake. Nina watoto, nilimwelewa.

Rahma ndiye aliyejibu. Hakupandisha sauti.

"Baba, nikishindwa mtihani nitarudi nyumbani, sitabisha. Lakini usinichukue kabla sijashindwa."

Mzee yule akauliza, akinielekea mimi, huo mtihani unahitaji nini. Nikamwambia unahitaji maswali, mengi, na njia ya kuyafikisha kichwani mwa Rahma bila macho. Akaondoka naye bila kusema ndiyo wala hapana.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta. Nilisaidiwa na kijana mmoja wa darasa lao, Gervas, mtu wa Mbinga, mkimya, aliyekuwa akijua simu kuliko mimi. Tulianza na faili za mtandaoni. Maswali yalikuwapo, mazuri na ya bure, kutoka vyuo vya kila pembe ya dunia. Tukaiwekea simu ya Rahma ile sauti inayosoma maandishi. Maneno iliyasoma vizuri. Ilipofika kwenye alama, ikaziruka zote, kwa sababu zilikuwa zimewekwa kama picha. Ilisema, "Chunguza kama mfululizo," kimya, "unatulia." Faili nyingine ilizisoma lakini ikazichanganya, juu na chini vikawa mstari mmoja. Tulijaribu video. Walimu wa kwenye video ni hodari, ila wote wanasema "hii hapa" na "ile pale" huku wakionyesha kwa kidole. Rahma alisikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa kwamba kuna hii na kuna ile.

Basi Gervas akaanza kumsomea na kurekodi. Siku ya kwanza wakagombana. Gervas alisoma: moja gawa kwa n mraba jumlisha moja. Rahma akafikiri, akajibu hautulii. Gervas akasema majibu yanasema unatulia. Walikuja kwangu wote wawili wamenuna, na kumbe kila mmoja alikuwa sahihi. Rahma alisikia moja gawa kwa n mraba, halafu pembeni jumlisha moja. Mfululizo huo hauwezi kutulia, kila kipande kinaongeza zaidi ya moja. Kitabuni ile moja ilikuwa chini pamoja na n mraba, na huo unatulia. Jicho linaiona tofauti hiyo mara moja. Sikio haliioni, mpaka uliambie.

Wanangu, nimefundisha muda mrefu, na sikuwahi kufikiri kwamba tunachokiita kusoma hesabu ni kuitazama tu. Ilibidi tujifunze kuisema.

Chuo kilipofungwa, Gervas alikwenda kwao Mbinga kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Rekodi alizoacha Gervas, Rahma alizimaliza upesi, akaanza kuzirudia mpaka akayakariri majibu, jambo ambalo halina faida. Mimi mchana nilikuwa kwenye usahihishaji. Nikaenda dukani Narung'ombe kumpa pole na kuona tutafanyaje. Nilikuwa nimeandika maswali kwa mkono, kwa herufi kubwa, nikiwa na wazo la kutafuta mwanafunzi mwingine wa kumsomea.

Mzee Awadhi aliichukua ile karatasi mkononi mwangu. Akaitazama kwa mbali, kisha akavaa miwani yake.

"Hii kama M iliyolala ni nini?" akauliza.

Nikamwambia ni alama ya kujumlisha.

"Na hii nane iliyolala?"

Nikamwambia maana yake ni kwamba hakuna mwisho.

Akaendelea kutazama. Alikuwa amesoma shule ya msingi na madrasa, na hesabu zake zilikuwa za duka. Hakusema kwamba ataelewa. Aliuliza tu kama msomaji analazimika kuelewa anachosoma. Nilimjibu hapana, mradi asome kila kilichopo na asiongeze kitu. Akasema hilo analiweza, amesoma hivyo madrasa tangu utoto wake.

Walikuwa wakirekodi asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, kabla Kariakoo haijaamka, maana baada ya hapo hakuna mashine inayoweza kumsikia mtu Narung'ombe. Mnaosikiliza zile rekodi mnasikia mafagio ya wanaofagia barabara, na mara mojamoja mkokoteni unapita. Mzee alikaa kwenye kigoda, karatasi mapajani, simu juu ya ndoo iliyofunikwa. Alianza kila swali kwa bismillahi. Alisoma polepole, neno kwa neno, bila haraka ya mtu anayejua kinachofuata.

Ile shida ya juu na chini waliitatua wenyewe. Rahma alimwomba baba yake agonge ndoo mara moja anapoingia chini ya mstari, na mara moja tena anapotoka. Basi ukawa unasikia: moja gawa kwa, ko, n mraba jumlisha moja, ko. Hakuna tena kugombana. Baadaye nilijaribu njia hiyo darasani na wanafunzi wanaoona, nikawa nasoma swali kwa kugonga meza nao wanaandika, nikagundua kwamba wengi wao walikuwa hawajui kwa hakika nini kiko chini ya nini. Jaribuni wenyewe kwa wenyewe. Mwenzio asome, wewe uandike. Ukiandika sivyo, tatizo si mifululizo.

Kuna siku nilikuwapo. Lilikuja swali lenye tatu kwa kipeo n, na chini yake n yenye ile alama ya mshangao, ambayo ninyi mnajua ni faktoria. Sikuwa nimemweleza mzee. Alisoma vizuri mpaka akafika pale, akagonga ndoo, akatazama karatasi, kisha akatamka "n" kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka dukani. Rahma akauliza, "Baba, kuna nini?" Mzee akasema ameandikiwa ashangae, ameshangaa. Rahma alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu hospitali, na nadhani baba yake pia. Nilimweleza inavyotamkwa. Alikataa kubadilisha. Kuanzia siku hiyo kila faktoria kwenye rekodi zile inatamkwa kwa mshangao, na Rahma alikuwa akisikia mshangao tu anajua hapa ni jaribio la uwiano, gawa kipande kwa kilichotangulia.

Alijibu kwa mdomo. Alirekodi jibu lake, hatua kwa hatua, nami nikalisikiliza nyumbani na kumrudishia masahihisho kwa njia hiyohiyo. Kutoka hapo nilijifunza kwamba mtu akilazimika kusema sababu kwa sauti, hawezi kujificha. Kwenye karatasi mnaandika "kwa jaribio la kulinganisha" na kusonga mbele. Ukimwambia mtu, atakuuliza unalinganisha na nini.

Liko na la majibu. Faili moja tuliyoipakua ilikuwa na swali la moja gawa kwa n mara logi asilia ya n, ukianzia mbili. Jibu lake liliandikwa unatulia. Rahma alisema hautulii. Alirudia, akasema hautulii. Alinyong'onyea, akanirekodia kwamba pengine mkuu wa idara alikuwa na haki, kama kitu kilichoandikwa wazi anakipata kinyume. Nilikaa na kalamu nikalifanya kwa eneo chini ya mchoro, nikaona ni yeye aliyepata. Faili ilikosea. Nikampigia simu palepale. Watu wanaoandika majibu mtandaoni ni watu kama ninyi, wengine waliandika wakiwa wamechoka. Jibu ukilipata sehemu moja, litafute na sehemu ya pili. Zisipoafikiana, kaa chini ulifanye mwenyewe.

Siku ya sapu ilifika. Chuo kilikubali Rahma asomewe maswali na aandikiwe majibu, na mimi kama mtunga mtihani sikuruhusiwa kuwa chumbani. Nilikaa ofisini, mlango wazi. Mzee Awadhi alikuwa kwenye benchi la nje, na duka lake siku ile halikufunguliwa.

Mtihani ukiwa umeendelea kidogo, msimamizi alitoka akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara. Mzee alisimama. Nilimwomba akae. Baadaye nilisimuliwa kilichotokea. Mwalimu aliyepewa kazi ya kusoma alisoma swali kwa mkupuo, kama tunavyosoma sote. Rahma akauliza ile jumlisha iko chini au iko pembeni. Msomaji akaona anaombwa msaada, akakataa kujibu. Rahma akauliza tena. Akakataliwa tena, akaambiwa akiendelea itaandikwa kwamba amejaribu kuvunja utaratibu. Hapo akaweka mikono mezani akasema haendelei mpaka aletewe mtu wa kumwambia swali lilivyo, maana wenzake wote wameonyeshwa karatasi, na yeye anaomba tu kuonyeshwa.

Mkuu wa idara aliingia. Alichukua karatasi ya mtihani, akalisoma lile swali kimoyomoyo, na nadhani ndipo alipoiona ile tofauti kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Akavuta kiti. Akamuuliza Rahma amezoea kusomewaje. Rahma akamwambia, kwa kugonga. Na mkuu wetu wa idara, profesa mzima, akasoma mtihani wote uliobaki huku akigonga meza kwa kifundo cha kidole, akiingia chini na kutoka.

Alipotoka alinipita mlangoni. Alisimama kidogo, akasema maswali yangu ni magumu kuyasema. Halafu akaenda kwa Mzee Awadhi, akampa mkono.

Rahma alifaulu. Hakupata alama ya juu kabisa, alipata B, na aliipokea kama mtu aliyepewa kitu chake. Hakuna sapu nyingine aliyoipata mpaka anamaliza. Macho hayakurudi, na ule mwanga wa dirisha nao ulizimika kabla ya mahafali. Baba yake alisoma naye miaka yote iliyobaki, mada baada ya mada, alfajiri baada ya alfajiri. Rahma alipoajiriwa kufundisha sekondari moja hapahapa mjini, mzee alikuwa anamsindikiza mpaka getini, kisha anarudi kufungua duka.

Mzee alifariki Rahma akiwa bado mgeni kazini. Ilikuwa asubuhi. Alikuwa anapanga ndoo nje, akaomba kiti, akakaa, hakuinuka tena. Alizikwa jioni ileile, na Narung'ombe nusu ya maduka yalifungwa.

Rekodi zilikuwa kwenye simu ya Rahma na nakala zilikuwa kwangu. Hakuweza kuzisikiliza. Nilipomgusia alisema wazi kwamba hatazifuta wala hatazifungua. Nilimwambia kwamba Gervas, ambaye sasa ni mwalimu kwao Mbinga, yuko tayari kuyasoma maswali yote upya ili yaweze kutumiwa na wengine. Alimshukuru, akasema tusubiri. Tukasubiri. Jambo la mtu na baba yake huwezi kulipangia ratiba, nami sikumuuliza tena.

Kisha akaja Neema, na ni kwa ajili yake rekodi zile zimewafikia ninyi. Baadhi yenu mnamfahamu, mmoja wenu ndiye aliyemleta. Ni binti wa Mtwara, haoni tangu utotoni, ameingia mwaka wa pili wa hesabu chuo kilekile. Alipanda ngazi hizi akiwa ameshika bega la mwenzake, akanipa shikamoo, akauliza mlilouliza ninyi nyote. Nipate wapi maswali ya mifululizo? Alikuwa ameshajaribu faili, ameshajaribu video. Alikuwa amebakiza wiki chache kabla ya mtihani, na mtu wa kumsomea hana.

Mimi nilijua mahali pamoja tu. Lakini havikuwa vitu vyangu vya kutoa. Nikampigia Rahma, nikamweleza, nikamwambia akisema hapana nitaelewa. Akasema atakuja mwenyewe Jumamosi.

Alikuja. Walikaa hapo mlipokaa ninyi, ubavu kwa ubavu, fimbo zao nyeupe zimeegemea ukuta. Rahma alimuuliza Neema habari za masomo, akamuuliza za nyumbani, akamweleza habari ya kugonga. Alichelewesha kadiri alivyoweza. Kisha akatoa simu, akaiweka mezani, kidole kikakaa juu yake bila kubonyeza. Nikajifanya nakwenda kuangalia chai.

Nikiwa jikoni nikasikia bismillahi, na ile sauti ya polepole. Hasi moja kwa kipeo n, gawa kwa, ko, kipeuo cha pili cha n, ko. Kisha fagio la barabarani, kisha kimya. Niliporudi, Rahma alikuwa ameinama na machozi yanadondoka kwenye buibui lake, bila sauti. Neema hakuweza kujua. Alikuwa ameinua uso, anafikiri.

"Nani huyu anasoma?" akauliza.

"Baba yangu," Rahma akasema. "Alikuwa anauza ndoo hapo Narung'ombe."

Neema akaitikia kwa kichwa. "Hana haraka. Unapata nafasi ya kufikiri."

Akarudi kwenye swali. Vipande vinapishana alama, akasema, na vinapungua bila kurudi nyuma, na vinaelekea sifuri. Basi unatulia.

"Unatulia," Rahma akasema. Akajifuta uso kwa kiganja, akapapasa simu, akabonyeza, na Mzee Awadhi akasoma swali lililofuata.